Sentensi Iliyonichelewesha Mpanda

Mwanangu Kalista,

Baba yako amekwenda Malangali kumwona dereva wa lori, ahakikishe nafasi yako ya mbele haijapewa mtu mwingine. Wewe umekwenda kuaga kwa Mama Oresta, na ninavyomjua Mama Oresta hatakuachia kabla hujala. Kwa hiyo alasiri hii nyumba ni yangu. Nimefunga mlango kwa sababu ya upepo, maana leo unashuka kutoka mlimani kama umetumwa, nami nimekaa kwenye meza ile uliyokuwa unaichafua kwa chaki.

Sitakuandikia habari za sweta, wala dawa ya malaria, wala jinsi ya kuficha pasi yako ya kusafiria. Hayo nimeyasema mpaka jana ukaanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Nakuandikia jambo ambalo sijawahi kukuambia, na nimebakiwa na leo tu. Kesho kutwa utakuwa Mpanda ukingoja treni, na Mpanda utafikia kwa Bibi Zuhura. Yeye analijua jambo hili lote. Sitaki ulisikie kwake kabla hujalisikia kwangu.

Unajua kwamba aliyekuzaa ni dada yangu Kristina, na kwamba mimi ni mama yako mdogo. Hilo hatukukuficha hata siku moja. Unajua alifia Mpanda ulipokuwa na miaka mitatu na nusu, na kwamba baba aliyekuzaa alikuwa amevuka kwenda Zambia kwenye migodi na hakurudi. Usichokijua ni mimi nilikuwa wapi.

Nianzie mbali kidogo. Utanivumilia. Juzi uliniambia nikisimulia nafungua hadithi ndani ya hadithi halafu sizifungi, nasi tukacheka.

Mimi na Kristina tulianza shule pamoja, ingawa alinizidi miaka miwili, kwa sababu alikataa kwenda peke yake. Asubuhi za Juni na Julai tulikuwa tunakimbia njia nzima ili miguu isigande, yeye mbele akikata upepo, mimi nyuma yake nimeshika upindo wa gauni lake. Mwalimu alikuwa anampenda kwa hesabu. Tulipokuwa darasa la tatu bibi yako akaanza kuugua kifua, na baba yetu akasema binti mmoja abaki nyumbani. Hakutaja ni nani. Kristina hakungoja atajwe. Kesho yake aliamka akachukua jembe akaenda kupiga matuta ya maharage, mimi nikaenda shule peke yangu, na njiani hapakuwa na mtu wa kunikatia upepo. Nilisoma mpaka nikawa mwalimu. Yeye alibaki na yale ya darasa la tatu.

Alipoolewa akahamia Mpanda alianza kuniandikia barua. Hujaziona, nami nitakueleza zilikuwaje. Dada yangu alikuwa anaandika kama anavyosema, bila kupumua. "Mdogowangu natumainiuhalinzuri mimisijambo nimepatamtoto wakikenimemwita Kalista anamachokamayamama." Maneno yake yalikuwa yameshikana mikono. Mahali pengine aliyakata pasipostahili, mahali pengine hakuyakata kabisa.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana pale Milanzi. Nilikuwa na ari ya kazi, na kalamu ya wino mwekundu ambayo nilikuwa naogopa kuipoteza kuliko kitu chochote. Nilichukua barua ile, barua ya kunipa habari kwamba umezaliwa, nikaweka mistari myekundu kila mahali neno lilipotakiwa kuisha. Nikaandika pembeni: "Dada, jifunze kutenganisha." Nikamrudishia pamoja na jibu langu.

Nilidhani namsaidia. Naapa nilidhani hivyo.

Barua ya pili nayo niliisahihisha. Ya tatu ilikuwa fupi sana, mistari minne, kila neno limekaa peke yake kwa umbali wa kidole, kama watu wasiojuana. Ya nne haikuja.

Sasa utaelewa kwa nini mwezi ule wa kwanza wa likizo yako nilikuwa nakusikiliza vile. Ulikuja na daftari lako la Dar es Salaam na habari zako za mashine za kukokotoa, jinsi zinavyofundishwa kusoma yale mwanadamu anayoziandikia. Baba yako alikuwa anauliza mashine yenyewe ina ukubwa gani na inakula umeme kiasi gani. Mimi nilikaa na ungo wangu wa ulezi mapajani.

Ulisema, "Mama, mashine haioni maneno. Inaona mstari mrefu wa herufi tu, kama siafu. Kazi ya kwanza kabisa ni kukata: hapa neno limeanza, hapa limeisha, hili ni jina, hii ni namba, hii ni alama."

"Inajuaje pa kukata?"

"Inapewa ruwaza." Ukaniandikia kwenye ubao wangu wa zamani, kwa Kiswahili ili nielewe. Nafsi moja kati ya hizi: ni, u, a, tu, m, wa. Kisha wakati mmoja kati ya hizi: na, li, ta, me. Kisha mzizi: som, lim, pik. Kisha a. Ukasema mstari huo mmoja unameza ninasoma na walilima na tutapika na mengine yote ya namna hiyo, na mashine inayoufuata haihitaji kukumbuka chochote, inahitaji kujua tu imefika hatua ya ngapi.

Nikacheka, ukashangaa. Nilikuwa nacheka kwa sababu ulikuwa umeniandikia makopo yangu. Miaka ile ya kisomo cha watu wazima, tulipokuwa tunafundisha jioni baada ya shamba, nilikuwa na makopo manne ya maziwa na vipande vya karatasi ngumu ndani yake. La kwanza la nafsi, la pili la nyakati, la tatu la mizizi, la nne lina a tupu. Mzee anachomoa kipande katika kila kopo, anavipanga mezani, anasoma. Wewe ulikuwa unakaa chini ya meza unachezea vilivyoanguka. Nilikuonyesha, ukasema, "Kumbe nilianza zamani."

Halafu ukaniambia jambo lililonichoma bila wewe kujua. Ulisema mashine ikikutana na "ana" haitakiwi kusimama hapo na kusema nimepata neno, kwa sababu huenda mbele kuna "anapika". Inatakiwa iendelee mpaka pale ambapo haiwezi kuendelea tena, ndipo ikate. "Ikikata mapema," ukasema, "kila kinachofuata kinaharibika, na kosa linaonekana mbali kabisa na pale lilipofanyika."

Nilikuwa namuwaza dada yangu. Nilikata mapema.

Sasa nifike kwenye simu.

Ilikuwa katikati ya muhula. Tarishi wa posta alikuja na baiskeli mpaka barazani, akanikabidhi karatasi ya simu ya maandishi iliyotoka Mpanda. Iliandikwa hivi, naikumbuka kama jina langu:

NJOO KWA AJILI YA MTOTO WA DADA YAKO ALIYEFARIKI JUMATATU.

Nikakaa kwenye ngazi. Nikaisoma tena, na nakuambia ukweli, Kalista, niliisoma kama mwalimu. Nilijiambia: neno kuu hapa ni mtoto. "Wa dada yako" yanamweleza mtoto tu, ni nani. Basi "aliyefariki" yanarudi kwenye neno kuu. Mtoto amefariki. Nikakulilia wewe. Nilikuwa sijawahi kukuona, ila nilikuwa najua una macho kama ya mama yetu, nikakulilia wewe ukiwa hai.

Baba yako alitoka karakanani na vumbi la mbao nyweleni, akachukua karatasi akaisoma polepole, kwa sababu Fulgensi husoma polepole. Akauliza, "Aliyefariki ni nani? Mtoto au Kristina?"

"Mtoto. Si unaona? Sentensi inasema mtoto."

"Mimi naona inaweza kuwa yeyote."

"Fulgensi, mimi ndiye mwalimu wa lugha humu ndani."

Alinirudishia karatasi. Akarudi kwenye randa yake.

Nilikwenda posta siku hiyo hiyo nikatuma jibu: POLE SANA DADA KRISTINA NITAKUJA SHULE IKIFUNGWA. Nilifikiri hivi: mtoto ameshazikwa, hazikwi mara mbili. Darasa langu la saba lina mtihani. Lori la kwenda Mpanda si la kila siku. Na ndani kabisa, chini ya sababu hizo zote nzuri, kulikuwa na nyingine: nilikuwa naona haya kumwangalia dada yangu usoni baada ya wino ule. Nikasema siku kumi na tano zitanipa nafasi ya kujipanga maneno.

Nikaendelea kufundisha. Niliandika ubaoni vivumishi na vielezi. Watoto wa darasa la saba walinipa pole kwa zamu, nikawashukuru.

Siku ya tisa, wakati wa kipindi cha pili, baba yako alisimama mlangoni mwa darasa langu. Hajawahi kuja shuleni kwangu saa za kazi kabla ya siku ile wala baada yake. Alikuwa amevua kofia ameishika kwa mikono yote miwili. Niliwaambia watoto wanakili yaliyo ubaoni, nikatoka.

"Usinikasirikie," akasema. "Nilituma simu yangu mwenyewe."

"Simu ya nini?"

"Ya kuuliza. Maneno mawili tu. Nani amefariki."

Akanipa karatasi ya jibu. Ilikuwa na neno moja: KRISTINA.

Sikumbuki nani aliyewaruhusu watoto kwenda nyumbani. Nakumbuka baba yako akinishika mkono wa juu, hapa, na kunitembeza kando ya barabara kama mtu anayemwongoza kipofu. Nilikuwa narudia kusema, "Nimemwandikia pole. Nimemwandikia pole yeye mwenyewe." Alikuwa anajibu, "Najua. Twende."

Lori la kwanza lililopatikana lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyekuwa akipeleka maharage Mpanda. Alipoambiwa habari alishusha magunia mawili ili nipate pa kukaa mbele, akasema, "Mwalimu, panda, magunia yatafuata." Tuliharibikiwa mara mbili porini. Nilifika siku ya kumi na mbili tangu ile simu ya kwanza.

Bibi Zuhura, jirani wa dada yangu, alikuwa kando ya ukuta wa nyumba yake anachambua mchele. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanitazama muda mrefu.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndimi."

Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na simu yangu. Alikuwa ameikunja mara nne. Akasema, "Karani wa stesheni aliniletea hii. Akaniuliza, huyu Kristina ndiye yule tuliyemzika? Nikamwambia ndiye. Akaniuliza, sasa nifanye nini nayo? Nikamwambia nipe mimi." Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilidhani sentensi yangu imenyooka." Nikamwambia imenyooka, Bibi. Kosa si lako.

Wewe ulikuwa uani. Ulikuwa umevaa gauni lililokupita magotini na umekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, unatazama njia. Bibi Zuhura alisema ulikuwa unakaa pale kila siku kwa sababu walikuambia mama mdogo atakuja, na ulikuwa unauliza kila mwanamke anayepita, "Wewe ndiye?" Baadhi yao walikuwa wanalia. Siku mbili nyuma ulikuwa umeacha kuuliza. Nilipokusogelea ulinitazama ukageuza uso. Nikakaa chini kwenye mavumbi karibu na kinu. Mwalimu mzima sikujua la kusema. Tukakaa hivyo mpaka ukasinzia, na ulipoanza kuanguka nikakudaka, na hivyo ndivyo nilivyokushika mara ya kwanza.

Hayo ungeweza kunisamehe, nafikiri. Kuna moja zaidi.

Jioni ile Bibi Zuhura aliniletea vitu vya dada yangu: kanga mbili, rozari, sufuria. Ndani ya kanga kulikuwa na barua. Ilikuwa yangu, imeandikwa jina langu, haikuwa na stempu. Alikuwa ameiandika miezi miwili kabla ya kufa, alipoanza kutema damu. "Mdogowangu ninaumwa sananaogopa kwaajili yaKalista njoounione." Ilikuwa na mistari mingine mingi, nami niliisoma yote bila kukwama mahali popote. Sikuhitaji nafasi hata moja. Nilikuwa nasikia sauti yake.

Nikauliza, "Kwa nini hakuituma?"

Bibi Zuhura akasema, "Alikuwa anatafuta mtu wa kumsahihishia kwanza. Alisema mdogo wake ni mwalimu, hapendi makosa. Mimi sikusoma, nisingeweza kumsaidia."

Kalista, sijui kuandika kilichonipata hapo. Nimekaa na kalamu juu ya karatasi muda mrefu, nje wameshapita watu wa kutoka sokoni, na bado sijui. Niache hivyo.

Tulirudi na lori lile lile, wewe mapajani pangu. Siku nzima ya kwanza hukusema neno. Siku ya pili, tulipoanza kupanda na baridi ya Ufipa ikaanza kuingia, nikakufunika kanga ya mama yako, ukauliza ghafla, "Mama yangu ana mama?" Nikasema alikuwa naye. "Na mama wa mama yangu ana mama?" Nikasema ndiyo. "Na mama wa mama wa mama yangu?" Dereva akaanza kucheka. Uliendelea mpaka ukaishiwa pumzi, ukavuta nyingine ukaongeza "wa mama" mbele, na kila mara ukitaka nijibu. Mimi nilikuwa najibu ndiyo, ndiyo, naye ana mama. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu siku ile ya darasani.

Nililikumbuka hilo mwezi uliopita, siku ulipotoka kwenye kukata maneno ukaingia kwenye sarufi yenyewe. Ulisema kanuni zake ni chache. Kundi la jina ni jina. Au ni kundi la jina, kisha "wa", kisha kundi la jina. Nikasema hiyo kanuni inajitaja yenyewe ndani yake, utamfundishaje mtoto hivyo? Ukasema hapo ndipo nguvu yake ilipo, inajirudia ndani yake, na kwa kanuni ya mstari mmoja unapata maneno yasiyo na mwisho. Nikataka kukuambia ulishaivumbua ndani ya lori la maharage. Sikukuambia kwa sababu ingenibidi nieleze tulikuwa tunatoka wapi.

Ukaeleza pia kwa nini ile mashine ndogo ya kukata maneno haiwezi kazi hii. Ulichukua sahani za bati kabatini. Kila mabano yakifunguka unaweka sahani juu ya rundo, yakifungwa unaondoa ya juu kabisa, ile iliyowekwa mwisho. Mwishoni meza ikiwa tupu, basi kila kilichofunguliwa kimefungwa. Ile mashine ndogo haina mahali pa kuweka sahani, ina hatua zake za kuhesabika tu, ukiifungulia mabano mengi kuzidi hatua zake inapotea. Nikakuuliza, na nikienda kuondoa sahani nikakuta hakuna? Ukafurahi sana kwa swali hilo. Ukasema, "Hapo Mama umefunga kisichofunguliwa, mashine inakataa." Baba yako akasema anaomba sahani zake, ana njaa.

Nilikuwa na furaha siku zile. Nataka ujue. Ulikuwa umenirudishia kazi yangu ikiwa mpya.

Halafu siku ile nyingine ukaongeza kanuni ya tatu: kundi la jina linaweza kufuatwa na "aliye" na tendo lake. Ukachora miti miwili ubaoni. Ulisema, "Tazama Mama, mtoto wa mwalimu aliyeugua. Mti huu, aliyeugua ni mtoto. Mti huu, ni mwalimu. Kanuni ni zile zile, sentensi ni ile ile, miti miwili, na yote miwili ni halali."

Nikakuuliza, "Na mti wa kweli ni upi?" Nilijitahidi sauti isibadilike.

Ukasema, "Kanuni haziwezi kukuambia. Sarufi ya namna hii haitazami nje ya sentensi, haijui nani alikuwa mgonjwa. Ndiyo maana wanaotunga lugha za mashine wanarekebisha kanuni mpaka ubaki mti mmoja tu. Mashine haiwezi kumuuliza aliyeandika."

Hapo niliweka ungo chini nikatoka. Ukaniita, nikasema moshi umeniingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa, na najua uliona. Ulinyamaza kwa heshima. Umekuwa mtu mzima.

Mimi ningeweza kumuuliza aliyeandika. Ndilo jambo zima, mwanangu. Posta ilikuwa mwendo wa nusu saa. Fundi seremala asiyejua kivumishi ni nini aliona miti miwili pale nilipoona mmoja, akaenda akauliza kwa maneno mawili. Mimi niliyefundishwa niliona mmoja kwa sababu nilitaka uwe mmoja. Kama aliyefariki ni mtoto, basi dada yangu yu hai, nami bado nina muda wa kumwomba radhi.

Huko unakokwenda, katika mji ambao jina lake hata kulitamka linanishinda, utafundishwa na watu wanaojua sana. Utakuwa mmoja wao. Sina la kukuonya juu ya mashine, sizijui. Nakuomba tu, ukiwa na uhakika sana, na anayekuuliza ni mtu anayesoma polepole, msikilize mpaka mwisho.

Wino mwekundu sikuushika tena kwenye barua ya mtu. Ulikuwa unashangaa, ulipokuwa mdogo, kwa nini wale wa kisomo walikuwa wananiletea barua zao za kwanza nami nazisoma kwa sauti jinsi zilivyo, zimeshikana hivyo hivyo, halafu nasema, "Vizuri, tutaipeleka posta." Mzee mmoja kutoka Muze, aliyekuwa amehamia kwa mwanawe, alimwandikia ndugu yake mstari mmoja mrefu usio na nafasi hata moja. Mkaguzi wa elimu alikuwepo siku hiyo, akaniuliza mbona sikumrekebisha. Nikasema ndugu yake ataielewa. Mkaguzi aliandika kitu kwenye daftari lake. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, na mzee alilia darasani mbele ya watu wote.

Baba yako anajua ninakuandikia. Miaka yote hii hakunikumbusha, hata tulipogombana. Asubuhi nilimwambia nataka kukueleza ya Mpanda. Akasema, "Mweleze yote, na usijipendelee." Halafu akafikiri akaongeza, "Wala usijionee."

Barua hii nitakupa kesho ukishakaa kwenye lori, na ninakuomba uisome ukiwa umepita Namanyere, si hapa mbele yangu. Ndani yake nimeweka ile ya mama yako. Ni yako. Isome taratibu, kwa sauti, mahali ambapo hakuna mtu, nawe utamsikia jinsi alivyokuwa anasema. Ukipata hasira, pata. Niandikie ukiwa nayo, usingoje itulie, na usinichagulie maneno.

Treni inaondoka jioni, kwa hiyo utakuwa na mchana mzima. Bibi Zuhura siku hizi haoni vizuri, atakushika mkono akupeleke makaburini mwenyewe kwa kukumbuka njia. Msalaba ni wa mninga, baba yako aliuchonga. Kaa naye mama yako utakavyo.

Kila mwaka Bibi Zuhura ameniandikia kwa mkono wa mtu mwingine, na kila barua yake inaisha na swali moja: "Umemwambia?" Miaka yote nimemjibu habari za mvua na za afya. Safari hii akikuuliza, mwambie nimekuambia.

Mama yako mdogo, uliyeniita mama bila mimi kukuomba,
Yustina